Kupinga Mateso Ndani ya Kituo cha Wanyama: Mwongozo Kamili, Kuanzia Ushahidi Hadi Barabarani

Nilikwenda kwenye kituo kimoja cha kuhifadhi wanyama waliopotea au kutelekezwa, kumtafuta paka aliyepotea. Kwenye kizimba cha tatu kutoka mlangoni alikuwamo mbwa jike wa rangi ya kahawia, bakuli lake la maji limepinduka na kukauka, naye anaramba waya wa mlango mahali ambapo maji ya kuoshea sakafu yalikuwa yamerukia. Aliramba tone, akasubiri, akaramba tena. Nilimwita mhudumu, akanijibu kwamba zamu ya maji imeshapita. Usiku ule niliandika mitandaoni kwa hasira yote niliyokuwa nayo. Watu wakasambaza, wengine wakaenda kupiga kelele langoni. Kituo kikafunga lango kwa wageni. Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa na picha yenye tarehe, wala aliyejua kituo kile kinawajibika kwa nani, wala aliyekuwa na mahali pa kumpeleka mbwa yule. Sikumwona tena.

Ninayoyaandika hapa nimeyajifunza baada ya siku ile, nikifuatilia vituo vya namna hiyo pamoja na wenzangu. Yote yanasimama juu ya jambo moja: unayemtetea yuko ndani, amefungiwa, na funguo zimo mikononi mwa hao hao unaowapinga. Kwa hiyo kila unachotaka kufanya kipime kwa swali hili: kesho asubuhi mnyama yule atakuwa katika hali gani kwa sababu ya tulichofanya leo?

Hatua ya 1: Jua unachokitazama

Si kila kituo kinachonuka ni kituo cha ukatili. Kuna vituo vilivyoelemewa, ambavyo wahudumu wake wanajua kinachotakiwa ila mikono na fedha havitoshi. Kuna vya uzembe, ambako fedha ipo lakini hakuna anayesimamia. Kuna vya watu waliogundua kwamba picha ya mtoto wa mbwa mgonjwa huleta michango, nao hawana haraka ya kumponya. Na kuna vya warundikaji: mtu aliyeanza kwa huruma ya kweli, akaokota watano, wakawa hamsini, sasa hawezi kuwahudumia, hakubali kumtoa hata mmoja, na haoni kwamba wanateseka. Mtafiti wa Marekani, Gary Patronek, alieleza hali hiyo ya mwisho kwenye utafiti wake wa mwaka 1999, na tangu hapo imeanza kutazamwa kama tatizo la afya ya jamii na si la wanyama peke yao.

Tofauti hizi zina maana kubwa. Kituo kilichoelemewa ukikiandamania kinakufa, na wanyama wanaishia barabarani. Hicho kinahitaji watu wa kujitolea na shinikizo kwa wafadhili. Mrundikaji ukimzomea atajifungia ndani na wanyama wake. Huyo anahitaji mamlaka, daktari wa wanyama na mtu wa ustawi wa jamii waende pamoja. Maandamano yana nguvu zaidi mahali ambapo kuna mwenye uwezo wa kubadilisha hali, anaijua hali hiyo, na amekataa.

Kipimo kinachokubalika karibu kila mahali ni Uhuru Tano. Mwaka 1965 kamati iliyoongozwa na Profesa Roger Brambell nchini Uingereza iliandika kuhusu mifugo kwamba mnyama apate angalau nafasi ya kusimama, kulala, kujigeuza, kujisafisha na kunyoosha viungo. Mwaka 1979 wazo hilo likapanuliwa na Baraza la Ustawi wa Mifugo la huko huko: mnyama asiwe na njaa wala kiu, asikae mahali pa adha, asiachwe na maumivu, majeraha au ugonjwa, aweze kufanya yaliyo ya asili yake, asiishi kwa hofu na dhiki. Yabebe haya matano kichwani unapoingia kituoni, kisha tazama vitu vinavyoonekana. Maji yapo, na ni safi? Bakuli lina ukoko wa kijani? Harufu ya mkojo inakuchoma macho? Kumbuka wewe umesimama na utaondoka, yule amelala na pua yake sakafuni usiku na mchana. Yupo anayezunguka mahali pamoja bila kukoma, au aliyejibanza kona na hageuki hata ukimwita? Wagonjwa wanakohoa na kuhara katikati ya wazima?

Kwa unene, madaktari wengi wa wanyama hutumia kipimo cha 1 hadi 9. Mbwa wa 4 au 5 ana mbavu unazozipata kwa vidole bila kutafuta sana. Wa 1 anahesabika mbavu, uti wa mgongo na mifupa ya nyonga kwa mbali. Ukisema “amekonda” mtu atabishana nawe. Daktari akiandika “2 kati ya 9” kubishana kunakuwa kugumu.

Kisha kuna hesabu ambayo imenisaidia kuliko picha yoyote ya kusikitisha. Mashirika yanayoshughulika na vituo vya wanyama nchini Marekani yamependekeza angalau dakika 15 za kazi kwa kila mnyama kila siku, 9 za usafi na 6 za kulisha. Kituo chenye wanyama 80 kinahitaji basi dakika 1,200, ambazo ni saa 20 za kazi. Ukikuta wahudumu wawili wa saa nane nane, wana saa 16 tu, hata kabla ya kumpa mtu dawa, kupokea wageni au kufua matandiko. Mkurugenzi anayekwambia “tunajitahidi” mwekee karatasi hiyo mezani.

Jambo moja wengi huliharakia: kituo kuua wanyama, peke yake, si ushahidi wa mateso. Mnyama asiyetibika anaweza kupewa sindano ya pentobabitali, dawa ya usingizi, na mtu mwenye ujuzi, akafa bila maumivu. Uliza aliuawa kwa sababu gani, kwa njia gani, nani aliamua, na imeandikwa wapi. Majibu ya maswali hayo ndiyo yatakayokuonyesha kama pana uovu.

Hatua ya 2: Kusanya ushahidi unaosimama

Nunua daftari lenye kurasa zilizoshonwa, si la kuchomoa karatasi. Kila ukitembelea kituo andika siku hiyo hiyo: tarehe, saa uliyoingia na kutoka, hali ya hewa, namba ya kizimba, ulichokiona. Unachokidhani kiweke mbali na ulichokiona. Mfano wa maandishi mazuri ni huu: “Kizimba cha 7, saa tisa na robo alasiri, jua kali. Mbwa wawili, mmoja mweusi dume. Bakuli moja, kavu. Kidonda mguu wa nyuma wa kushoto, upana kama wa kifuniko cha chupa, kina nzi. Nilimwambia mhudumu saa tisa na dakika ishirini. Saa kumi bado halina maji.” Mfano mbaya ni: “Hawa watu ni makatili, mbwa wanakufa kwa kiu.” Hata kama ni kweli, hakuna hakimu wala mkaguzi anayeweza kuutumia.

Kwa picha, anza na ya mbali inayoonyesha mahali, sogea upige kizimba kizima pamoja na namba yake, kisha upige kidonda au bakuli kwa karibu. Picha ya karibu peke yake mtu atasema umeitoa kwingine. Rudi siku nyingine upige pale pale: bakuli kavu siku moja ni bahati mbaya, siku nne ni utaratibu. Usiipambe picha wala kuiongeza mwanga. Faili ya asili ibaki kama ilivyotoka kwenye simu, na nakala zake ziwekwe mahali pawili tofauti, kwa sababu programu nyingi za kutumiana ujumbe hupunguza ubora wa picha na kufuta taarifa za saa na mahali.

Usiruke ukuta. Najua jinsi moyo unavyouma ukisikia mlio nyuma ya geti, lakini anayeingia kwa kuvunja huwapa wenye kituo hadithi ya kusimulia, na kesi inageuka kuwa yako. Tena kuna hatari ambayo wapenzi wa wanyama hawaifikirii. Virusi vya pavo, vinavyowaharisha na kuwaua mbwa, vilivyoenea duniani kuanzia mwaka 1978, hukaa sakafuni na udongoni kwa miezi mingi na husafiri kwenye soli za viatu. Sabuni nyingi za kawaida haziviui. Unaweza kuingia usiku kuokoa mmoja na kuwaachia ishirini ugonjwa, au kuubeba hadi kwa mbwa wako nyumbani. Hata kwenye ziara halali, viatu vya kituoni viwe vya kituoni tu.

Ushahidi mzito kuliko wote hutoka kwa waliomo ndani: wahudumu, watu wa kujitolea, daktari aliyeacha kazi. Waendee kwa upole na usiwalazimishe. Kabla mtu hajakupa karatasi yoyote, ajue kama mkataba wake unamfunga kutunza siri, na mwanasheria awe ameutazama. Usiandike jina lake kwenye daftari lile lile la ziara. Usitumie picha ambayo ni yeye tu angeweza kuipiga, maana mkurugenzi ataijua kona ile mara moja.

Omba takwimu. Kama kituo ni cha serikali au kinapata fedha za umma, nchi nyingi zina sheria ya haki ya kupata taarifa. Andika ombi rasmi. Hesabu ya kituo chochote ni nyepesi: walioanza mwaka, ongeza walioingia, toa waliochukuliwa na walezi wapya, waliorudishwa kwa wenyewe, waliohamishwa, waliokufa na waliouawa. Kinachobaki kiwe sawa na waliomo vizimbani siku ya mwisho. Ikiwa karatasi zinasema 60 na wewe umehesabu 34, hao 26 ndio swali lako la kwanza hadharani, na utaliuliza kwa sauti ya kawaida kabisa.

Hatua ya 3: Gonga mlango kabla ya kupiga kelele

Mnyama anayekufa sasa hivi hasubiri barua. Aliyejeruhiwa, aliyeachwa juani bila maji, anayepigwa mbele ya macho yako: piga simu polisi au kwa mamlaka ya mifugo papo hapo, andika jina la aliyepokea simu na saa, na usiondoke mpaka uone mtu amefika au umeelekezwa.

Mengine yote yaanze na barua. Iwe ukurasa mmoja, yenye mambo matatu au manne yaliyo na tarehe na namba za vizimba, ombi lililo wazi, na muda wa kujibu. Kwa maji na kivuli toa saa 24. Kwa ukaguzi wa daktari siku 7. Kwa mabadiliko ya utaratibu siku 14. Peleka nakala kwa mkurugenzi na kwa kila mjumbe wa bodi, na hakikisha kila nakala imegongwa muhuri wa kupokelewa au imepita njia inayoacha kumbukumbu. Mara nyingi wajumbe wa bodi hawajakanyaga vizimbani kwa mwaka mzima na hawajui kinachoendelea. Nimeshuhudia barua moja tu ikimaliza kazi iliyokuwa inaandaliwa maandamano: mjumbe mmoja alikwenda mwenyewe siku iliyofuata, akatoka na uso mwingine.

Wakikaa kimya, panda ngazi: mamlaka inayotoa leseni, chama cha madaktari wa wanyama kama kuna daktari aliyekiuka maadili, wafadhili wakubwa, mwenye ardhi. Kila ngazi ipate barua ya kwanza pamoja na rekodi ya ukimya. Siku mtakapotoka barabarani na mwandishi wa habari akauliza “mmejaribu kuzungumza nao?”, utafungua faili na kumwonyesha.

Hatua ya 4: Chagua madai, na umjue mwenye ufunguo

“Haki kwa wanyama!” ni kilio cha kweli, lakini hakuna mtu anayeweza kukitekeleza ifikapo Ijumaa. Dai zuri lina nani, nini na lini. Kwa mfano: bodi iteue daktari asiye na uhusiano na kituo akague kila mnyama ndani ya siku 7, na ripoti yake itolewe hadharani. Kituo kisipokee wanyama wapya mpaka idadi ilingane na wahudumu. Watu wa kujitolea waruhusiwe kuingia kila siku kwa saa zilizopangwa. Matatu hadi matano yanatosha. Dai la kumfukuza mtu liwekwe mwisho, tena pale tu ushahidi unapomwelekea yeye binafsi, kwa kuwa kuna vituo vingi vilivyobadilisha mkurugenzi na bakuli likabaki kavu.

Hapa nataka nikae kidogo na mtu mmoja, Henry Spira, mwalimu wa New York aliyekuwa pia mwanaharakati wa vyama vya wafanyakazi. Mwaka 1976 alianza kupinga majaribio yaliyofanywa kwa paka kwenye jumba la makumbusho la viumbe asilia la jiji hilo, American Museum of Natural History. Hakuanza na mabango. Alitumia sheria ya uhuru wa taarifa kupata nyaraka za utafiti wenyewe, akaomba mazungumzo, akanyimwa. Ndipo watu wakaanza kusimama mbele ya jumba lile wikendi baada ya wikendi, kwa zaidi ya mwaka, huku barua zikimiminika kwa waliokuwa wakilipa fedha za utafiti na kwa wanasiasa. Mbunge Ed Koch, ambaye baadaye alikuwa meya wa jiji hilo, alikwenda kuona maabara kwa macho yake na kuuliza maswali kwenye bunge la nchi. Mwaka 1977 majaribio yakakoma.

Baadaye Spira alikwenda kwa kampuni ya vipodozi ya Revlon na ombi la kiungwana: itoe sehemu ndogo ya mapato yake kutafuta njia ya kupima vipodozi bila kuwatia sungura kemikali machoni. Alipopuuzwa, tangazo la ukurasa mzima lilichapishwa Aprili 1980 kwenye New York Times, na kabla ya mwaka huo kwisha kampuni ilikuwa imekubali kutoa dola 750,000 kwa Rockefeller University kwa utafiti huo. Nampenda Spira kwa sababu kila mara alimwachia mpinzani mlango wa kutokea: kampuni ile ingeweza kusema hadharani kwamba imefanya jambo jema, naye hakuwazuia kusema hivyo. Mtakapokaa na kituo, fikirieni mlango huo uko wapi.

Chora basi nani anaweza kusema “sawa” na ikawa. Mkurugenzi anaweza kubadilisha zamu za maji leo. Bodi inaweza kutoa fedha. Mfadhili anaweza kusimamisha malipo mpaka ukaguzi ufanyike. Mamlaka inaweza kunyang'anya leseni. Maandamano yaelekee kwa yule ambaye dai lako liko mezani kwake, na mara nyingi huyo hayuko kituoni.

Hatua ya 5: Tayarisha mahali pa kuwapeleka

Hatua hii ndiyo inayorukwa, na ndiyo iliyonigharimu mbwa yule wa kahawia. Kituo kikifungwa ghafla kikiwa na wanyama 120, jioni hiyo watalala wapi? Kama jibu halipo, mamlaka italazimika kuwaacha mikononi mwa wale wale, au kuwaua.

Kabla hamjatoka hadharani, andikeni orodha ya walezi wa muda: jina, simu, ana wanyama gani nyumbani, anaweza kumpokea nani na kwa muda gani. Mpigieni kila mmoja mzungumze, kwa sababu mtu aliyeandika “niko tayari” chini ya picha ya mitandaoni si mlezi mpaka amekubali kwa mdomo kwamba mbwa mwenye upele ataishi chumbani kwake. Kati ya kumi watakaojiandika, panga kama vile watatu ndio watakaofungua mlango. Tafuteni daktari atakayewapima kwa bei mliyokubaliana, magari yenye vibebeo, na chumba cha karantini ambamo wapya watakaa siku 14 kabla ya kuchanganywa na wengine. Zungumzeni na vituo vingine mapema juu ya nafasi walizo nazo.

Jueni pia kwamba wanyama waliochukuliwa kwa amri ya polisi wanaweza kuhesabiwa kuwa vielelezo vya kesi, na kesi huchukua miezi. Mlezi asimpe mtu mwingine mnyama huyo, asimfunge uzazi wala asimhamishe mbali bila idhini ya maandishi. Michango iingie akaunti ya kikundi yenye watia saini wawili, na kila risiti itunzwe: mtu atauliza, na ana haki ya kuuliza.

Hatua ya 6: Siku yenyewe

Sheria za mikusanyiko hutofautiana sana. Mahali pengine unatoa taarifa tu, pengine unahitaji kibali, pengine unapangiwa njia na saa. Muulize mwanasheria wiki kadhaa kabla, na siku hiyo kiongozi awe na nakala ya taarifa au kibali mfukoni.

Mahali pa kusimama panahitaji mawazo zaidi kuliko mabango. Tafadhali msiende kupiga firimbi na vipaza sauti kando ya vizimba. Mbwa husikia sauti nyembamba hadi kiasi cha hezi 45,000, wakati sisi tunaishia kwenye 20,000, na kelele ndani ya mabanda ya mbwa, wanapoanza kubweka pamoja, hupita desibeli 100. Paka hawana hata pa kukimbilia. Umati unaopiga kelele ukutani huwafanya wapigane, wakwaruze milango hadi kucha zitoke damu, wakatae kula. Simameni mbele ya ofisi ya bodi, ya mamlaka ya leseni au ya mfadhili. Kama hakuna budi kwenda kwenye kituo chenyewe, iwe kimya: watu wamesimama safu moja, kila mmoja na picha ya mnyama mmoja na namba yake ya kizimba. Kimya cha watu mia kina uzito wake. Na mbwa wako mwache nyumbani, hata kama ana fulana nzuri yenye maandishi.

Gawaneni kazi usiku wa kuamkia siku hiyo. Mmoja azungumze na polisi, na awe huyo huyo tangu mwanzo hadi mwisho. Wawili tu wazungumze na waandishi wa habari. Wasimamizi wa msafara wavae vizibao vya rangi moja, mmoja kwa kila watu ishirini au thelathini. Awepo mtu wa huduma ya kwanza, na mpiga picha ambaye kazi yake ni kurekodi maandamano tu, ili likitokea lolote muwe na kumbukumbu yenu. Namba ya mwanasheria iandikwe mkononi kwa kalamu, simu inaweza kuchukuliwa.

Bango lisomeke kutoka ng'ambo ya barabara, maneno matano au pungufu. MAJI. DAKTARI. UKAGUZI HURU. Au namba peke yake: WAKO WAPI 26? Nimeona pia watu wakipanga chini mikanda ya shingoni, mmoja kwa kila mnyama ambaye rekodi za kituo chenyewe zinasema alikufa. Wapita njia walisimama, wakahesabu kwa vidole, wakauliza. Hakuna aliyehitaji kuelezwa kwa kipaza sauti.

Akijitokeza mchokozi, wasimamizi wamzunguke na wengine waketi chini. Mtu aliyeketi ni vigumu kumpiga picha akionekana mhuni. Wahudumu wa chini wakipita msiwazomee. Aliyebeba ndoo leo huenda kesho akakuletea daftari la dawa. Kutangaza anwani ya nyumba ya mtu au kwenda kusimama mlangoni kwake ni mwiko kabisa, hata awe amefanya nini, kwa kuwa watoto wake hawakufanya. Malizeni saa moja na nusu au mbili baada ya kuanza, watu wakiwa bado na nguvu, na mtangaze pale pale tarehe ya kurudi.

Hatua ya 7: Sema ulichokiona, usiseme zaidi

Kesi za kuchafua jina zimevunja vikundi vyenye haki mikononi. Kuna umbali mkubwa kati ya “kituo hiki kinaendeshwa na wauaji” na “tarehe 3, 5, 6 na 9 tulikuta bakuli la kizimba cha 7 likiwa kavu, tuliwaandikia tarehe 10, hatujajibiwa.” Sentensi ya pili ni ngumu kuipeleka mahakamani, na kusema kweli inauma kuliko ya kwanza. Wapeni kituo nafasi ya kujibu kabla ya kuchapisha, na jibu lao mlichapishe lilivyo.

Kwa waandishi wa habari andaa ukurasa mmoja, picha tatu, na shahidi mmoja aliyekubali kutajwa. Mitandaoni ficha nyuso za wahudumu. Usitumie hata mara moja picha ya mnyama wa kwingine kwa sababu “inaonyesha hali ilivyo”. Ikigundulika moja, picha zako mia za kweli zitaitwa uongo. Damu nyingi pia hufanya watu wapitishe macho haraka. Picha ya bakuli lile lile lililokauka, siku nne mfululizo, imewahi kufanya kazi ambayo maiti hazikufanya.

Hatua ya 8: Wakikuita mezani

Nendeni watatu, si kumi. Anayeongea, anayeandika, na daktari kama yupo. Msitoke na ahadi ya mdomo: kila jambo liandikwe pamoja na jina la atakayelifanya na tarehe, na lisainiwe. Mkipewa mawili kati ya matano, yapokeeni, yatangazeni kwa shukrani ya kweli, na mwendelee na matatu yaliyobaki. Kipengele ambacho msikubali kukiacha ni haki ya kuingia na kukagua bila taarifa, kwa sababu vingine vyote vinategemea hicho.

Watu wenu watachoka. Kuangalia mateso kila wiki huingia ndotoni, na anayeanza kuwafokea wenzake mara nyingi ndiye aliyeona mengi zaidi. Mpumzisheni, ampe mwingine daftari kwa mwezi mmoja.

Ziara za ukaguzi zipangeni zisizotabirika, na nyingi ziwe saa nane mchana au jioni ya siku ya mapumziko. Asubuhi kila kituo kimetoka kuoshwa. Ukifika, usianzie ofisini. Nenda kwenye kizimba kilicho mbali zaidi na bomba, inama, uingize kidole kwenye bakuli uone kama maji yapo na kama yamepata moto wa jua, kisha andika saa.